Naomba ushauri: mafungo ya kina mama Udzungwa

Habari zenu wapendwa. Kina mama 14 wa jumuiya yetu tunakwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa mwezi wa tisa, siku tatu za sala, ukimya na kupanda hadi maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170. Mle hifadhini hakuna barabara, ni miguu tu.

Wawili wana magoti mabovu. Jumapili tulijaribu kilima cha karibu. Mmoja alikaa kwenye jiwe, akavua kiatu, akalia kimyakimya. "Mwanangu, msiniache Mang'ula," yaani kule kwenye lango la hifadhi. Roho iliniuma sana, maana yeye ndiye aliyetufundisha kusali.

Mliopanda Sanje, mwenye goti bovu atafika akienda polepole na fimbo, au wote tufuate njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, humo humo hifadhini? Na tupande siku ya kwanza, au baada ya siku ya ukimya?