T470, T480 au OptiPlex Micro: ipi ya kuwekea Debian 13?

mtambo_mdogo: Wakuu, natafuta kompyuta mtumba ya Debian 13 (mfumo endeshi wa Linux): kuandika programu, kivinjari, kontena mbili tatu (programu zinazoendeshwa kila moja kwenye mazingira yake). Nimebakiza laptopu za Lenovo ThinkPad T470 (prosesa i5-7300U) na T480 (i5-8350U), na kompyuta ndogo ya mezani Dell OptiPlex 3060 Micro (i5-8500T). Raspberry Pi 5, kompyuta ya bodi moja, nayo nimeiwazia. Ipi haitanijutisha?

fundi_keneli: Mkuu, hesabu kori (viini vya prosesa) kwanza. 7300U ina mbili, 8350U nne, 8500T sita. Kwa kontena, T470 itahema. Imeshuka bei kwa kuwa Windows 11 haikubali prosesa zake, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Debian haijali hayo. Ukiichukua, iwe yenye prosesa ya kizazi cha saba, kama hiyo 7300U. Kuna T470 zenye i5-6300U, na hizo hazina chipu kamili ya kufungua video za VP9 (muundo wa video unaotumiwa na YouTube), kwa hiyo YouTube inamwelemea prosesa na feni haitulii.

Bi_Terminali: Chunga herufi "s". T470s na T480s zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na nafasi moja tu ya kuongeza. T480 ya kawaida ina nafasi mbili za RAM ya DDR4. Weka GB 8 na 8, si 16 moja, maana grafiki za Intel zinatumia RAM hiyohiyo na zinafaidi RAM ikisomwa kwa njia mbili kwa pamoja.

adapta65: Micro ndiyo yenye nguvu kuliko zote hapo, lakini umeme ukikatika imezima. Bila UPS (betri ya akiba ya umeme), T480 yenye betri mbili (ya ndani na ya nje) inaishinda. Tena ukinunua Micro, dai adapta halisi ya Dell: pini ya katikati ndiyo inayoitambulisha. Ikishindwa kuitambua, prosesa inashushwa kasi, na watu wanailaumu Linux bure.

fundi_keneli: Pi 5 inataka 5V kwa 5A. Ukiipa chaja ya 3A, matundu yote ya USB yanagawana 600mA, na SSD ya nje inaweza kukatika katikati ya kuandika. Jumlisha chaja, feni, kasha na diski: bei inaikaribia laptopu mtumba. Nunua Pi kama unahitaji pini za GPIO (za kuunganisha vihisi na saketi).

Bi_Terminali: Nenda dukani na flashi ya Debian Live (Debian inayowaka bila kusakinishwa). Kwenye ThinkPad, ikiwaka, bonyeza F1 kuingia BIOS (mipangilio ya msingi): ikidai Supervisor Password, iache hapohapo. Kutoa betri ndogo ya bodi (CMOS) hakuifuti. Kisha F12, washa kutoka kwenye flashi:

`lsblk` – inaorodhesha diski. Isipoonekana kwenye Dell, ingia BIOS, badili RAID On iwe AHCI.
`upower -d` – linganisha energy-full (uwezo wa betri sasa) na energy-full-design (uwezo ikiwa mpya). Chini ya nusu, dai punguzo la betri.
`lspci -nnk` – tazama kadi ya Wi-Fi. Intel ni salama. Micro nyingine hazina kadi kabisa.

mtambo_mdogo: Asanteni. T480 ina ugonjwa gani wa kuogopa?

adapta65: USB-C. Firmware (programu ya ndani ya chipu) ya zamani ya Thunderbolt, teknolojia ya tundu la USB-C, ilikuwa na kosa linaloweza kuua tundu. Lenovo ilitoa marekebisho. Jaribu kuchaji kwa matundu yote mawili ya USB-C kabla ya kulipa. T470 bado ina tundu la mstatili la chaja. T480 haina, USB-C zikifa, haichaji tena.