Land Rover Series III: holda za taa za nyuma zimeota kutu ya kijani, nisafishe au nibadilishe?

Kigongo109
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Series III 109, pikapu, ilibeba sana kayabo (samaki wakavu wa chumvi) kutoka soko la Mwaloni, Mwanza. Taa ya nyuma kushoto: taa ndogo inawaka, ila ukikanyaga breki inafifia badala ya kuongeza mwanga, na indiketa ya upande huohuo inawaka kwa mbali. Balbu mpya 12V 21/5W (uzi wa 21W wa breki, wa 5W wa taa ndogo), tatizo lilelile. Ndani ya holda (sehemu inayoshika balbu) kuna kutu ya kijani na springi imekwama. Fundi mmoja anasema ninunue taa nzima, mwingine anasema piga msasa tu. Nimsikilize nani?

Wairingi_Nyakato
Mkuu, usinunue kitu bado. Breki ikififisha taa ndogo na kuamsha indiketa, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) ndiyo imekufa. Umeme wa ule uzi wa 21W unakosa njia ya kurudi, unajipenyeza kwenye nyuzi za balbu nyingine mpaka upate ethi ya mbali.

Weka mita kwenye DC 20V, mtu akanyage breki na balbu ikiwa ndani. Waya mweusi wa mita uweke kwenye nega ya betri yenyewe, si kwenye bodi. Mwekundu gusa kikombe cha holda. Isizidi 0.2V. Ikizidi, sogea hatua kwa hatua: kitako cha taa, skurubu, bodi, chesisi. Mahali namba inapoanguka ghafla ndipo penye ugonjwa. Kisha pima upande wa moto, kutoka posi ya betri hadi ncha ya breki ndani ya holda: hapo hata 0.5V vumilia.

Usidharau kutu kidogo. Balbu ya 21W inavuta kama ampea 1.75. Kutu yenye omu 1 tu inakula karibu volti 1.5, na balbu ikipata volti 10 badala ya 12, mwanga unabaki kama nusu.

Kigongo109
Nimepima: kikombe 3.1, skurubu 3.0, bodi 0.1. Na waya mweusi wa ethi umekatwa, mtu aliacha skurubu ifanye kazi yote.

Wairingi_Nyakato
Basi jibu unalo. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, skurubu ni chuma. Vikikutana na maji, tena ya chumvi ya kayabo, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na ule unga mweupe unaobaki haupitishi umeme. Ukisafisha hapo pekee, utarudi palepale mvua za masika. Vuta waya mweusi wa 1.5 mm² kutoka kitako cha taa hadi chesisi, terminali ya pete, bolti ya M6. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, ndipo upake grisi juu.

Mabatini_Spea
Nami niongeze upande wa holda yenyewe, maana hata ethi ikipona, ile kutu ya kijani itakusumbua.

Chomoa nega ya betri. Balbu iliyoganda usiilazimishe kwa kioo: pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha sukuma ndani huku ukizungusha kushoto. Kioo kikivunjika, shika kitako kwa plaisi ya mdomo mrefu. Kitako cha balbu ni 15 mm, kwa hiyo tafuta kijiti cha 12 mm, kizungushie msasa namba 240, ukizungushe ndani. Stili wuli achana nayo, vipande vyake vinabaki ndani na kupiga shoti. Kutu ya kijani kwenye ncha ipake siki kwa pamba, dakika 5, kisha futa kwa maji yenye magadi kidogo, halafu maji safi, kausha kabisa. Siki ikiachwa humo inaendelea kula shaba.

Sasa bonyeza kile kisahani chenye ncha mbili kwa bisibisi. Kikirudi chenyewe kwa nguvu, holda bado nzima. Kikibaki chini, springi imelegezwa na joto. Kuivuta irefuke ni dawa ya wiki mbili. Badilisha pia kama kikombe kimetoboka au kisahani kimeungua. Na angalia njia za pini: balbu ya 21/5W ni BAY15d, pini moja iko juu kuliko nyingine ili isiingie kinyume. Njia zikipanuka kwa kutu inaingia kinyume, taa ndogo inakuwa kali na breki hafifu. Dukani usipewe BA15d, pini zake ziko sawa.

Kwa rangi za waya za Lucas (kampuni ya vifaa vya umeme vya gari hili): mwekundu ni taa ndogo, kijani chenye mstari wa zambarau ni breki. Lehemu kwa risasi ya elektroniki, si ile yenye asidi ya kuunganishia mabati.

Igoma_Diseli
Ukimaliza paka Vaselini ndani, inatosha.

Mabatini_Spea
Hapana kaka. Vaselini inayeyuka kwa joto la balbu na kutiririka kwenye kava. Tumia grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele. Na gundi ya silikoni inayonuka siki usiitumie kuziba taa, inatoa asidi ndani humo humo.

Kigongo, kabla hujafunga, hakikisha tundu la kutolea maji kwenye kava limekaa chini. Nyingi zinafungwa kichwa chini, na maji yanasimama mpaka kwenye balbu.

Kigongo109
Lilikuwa juu. Nimeligeuza.