MREJESHO: Kuongeza AES na ChaCha20 kwenye mradi wetu wa pamoja

Habari wakuu. Niliuliza humu kama tuandike wenyewe msimbo wa AES (njia ya kuficha data kwa ufunguo wa siri) kwenye programu yetu huria ya kutunza nakala za mafaili, au tutumie maktaba iliyopo. Asanteni sana kwa michango.

Ushauri wa wengi, kwamba tusiandike wenyewe, tumeufuata, tumechukua libsodium, maktaba huria ya kuficha data. Ila wazo la AES-256-GCM (aina ya AES inayoweka pia muhuri, yaani alama ya kuthibitisha kuwa data haikuguswa) kuwa chaguo la msingi limekwama. Libsodium huikubali tu kwenye prosesa yenye maelekezo ya AES ndani yake, na baadhi ya wachangiaji wanatumia vibodi vidogo visivyo nayo. Kwao haikufanya kazi kabisa, basi tumehamia ChaCha20-Poly1305, njia nyingine yenye muhuri isiyohitaji maelekezo hayo.

Aliyesema tujipime kwa mifano ya RFC 8439 (hati inayoeleza ChaCha20-Poly1305), namshukuru kipekee. Ile sentensi ya mfano iliyomo humo, ya mafuta ya kukinga jua (sijui nani aliiwaza!) sasa imo kwenye majaribio yetu: muhuri usipoanza na 1ae10b59, mchango haupokelewi. Tayari imenasa badiliko lililopitisha nonsi (namba ya kutumika mara moja tu kwa kila ufunguo) kinyumenyume.

Kilichotushinda ni mafaili ya zamani ya AES-CBC, aina nyingine ya AES. Hayana muhuri, hivyo huwezi kujua kama yaliguswa. Mliopendekeza tuyageuze yote kwa mkupuo, haikuwezekana, maana nywila wanazo watumiaji wenyewe. Kwa sasa yanasomeka tu, na mtu akilihifadhi lake upya linaingia mfumo mpya.