Naombeni ushauri: wahusika kujibadili sura kwenye gemu letu kumeleta ugomvi

Kasia_Pweke
Habari za jioni wakuu. Niko Nyegezi, Mwanza, na huu ni mwaka wa pili natengeneza gemu la kuigiza la maandishi, la kuchezwa kwenye simu. Ni mji wa kubuni kando ya ziwa: kuna wavuvi, wachuuzi wa dagaa, mawakala wa sangara, askari wa doria, na wale wanaoingiza kokoro, nyavu haramu, usiku. Tuko wachezaji kama 40 na wengi tunafahamiana.

Mwezi uliopita niliongeza uwezo wa mhusika kujibadili sura. Unanunua kitenge au koti la mvua, unabadili nywele, unachagua jina la bandia, basi jina lako halionekani tena. Kila anayekutazama, seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu, inarusha dadu mbili za pande 20. Yako inaongezewa ustadi wako wa kujificha, yake ustadi wake wa kuchunguza. Yake ikizidi, amekutambua.

Sasa sokoni asubuhi watu wananaswa karibu kila mara, hata wenye ustadi mkubwa. Lakini wakibaki wawili faragha, mtu anaibiwa na mwenzake waliyevua naye mtumbwi mmoja na asimjue. Na juzi mchezaji mmoja alijifanya mume wa mhusika wa dada mmoja, akachukua pesa zote za mtumbwi. Dada ameondoka, na rafiki yake kamfuata. Imeniuma sana. Niufute mfumo wote, au unasawazishika?

Hesabu_Kwanza
Usifute mkuu. La sokoni ni hesabu tu. Chukua mtu mwenye nafasi ya kutambuliwa ya asilimia 10 kwa kila jicho. Hiyo ni ndogo. Lakini akipita mbele ya watu 10, nafasi ya kuwapita wote salama ni 0.9 ukiizidisha yenyewe mara 10, yaani asilimia 35. Wakiwa 20 inashuka mpaka 12. Umati ndio maficho ya mtu, wewe umeugeuza mtego.

Dadu irushwe pale tu penye sababu: wameongea, wameuziana kitu, au mtu ameamua kumkazia macho mwenzake, na kukazia macho kumle muda. Wapita njia waone "mwanamke mrefu mwenye kitenge cha kijani", basi. Kisha matokeo ya kila jozi yahifadhiwe mpaka litokee jambo jipya, maana usipofanya hivyo mtu atatoka na kuingia sokoni mara 30 akisubiri bahati.

Halafu angalia ukubwa wa ustadi. Kwa dadu zako, ukimzidi mwenzako pointi 5 tayari unapona karibu mara 3 kati ya 4. Ukimzidi 10, karibu mara 9 kati ya 10. Ukiruhusu zaidi ya hapo, dadu hazina kazi.

Mama_Beseni
Mimi si mtu wa magemu, mwanangu ndiye kanisomea na ndiye anayeniandikia. Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Alfajiri mitumbwi ikiingia watu wamejifunika makoti, kofia, vitenge, sura huzioni. Lakini watu wangu nawajua. Kijana wa dada yangu alikaa Ukerewe mwaka mzima, akarudi na ndevu na koti la kuazima. Nilimjua akiwa bado mbali, anavyotupa mguu wa kushoto. Mteja aliyenunua kwangu jana kwa mara ya kwanza, leo akibadili kofia simjui hata akisimama hapa.

Sasa nyie mnapima macho ya mtu, hampimi kama anamfahamu huyo anayemtazama. Na mume wa mtu, akifungua mdomo tu mkewe kajua. Huyo dada mrudishieni pesa zake kwanza, mengine yafuate.

Fundi_wa_Nyuma
Mama kamaliza. Weka namba ya mazoea kati ya kila wahusika wawili, ipande wanapofanya kazi pamoja na kuzungumza, na iwe na uzito kuliko ustadi wa kuchunguza.

Mimi naongeza la kiufundi. Hakikisha seva haitumi namba halisi ya mhusika kwenye simu ya mtazamaji. Ukificha jina kwenye kioo tu, mjanja ataisoma ndani ya data. Tazama na orodha ya waliopo: jina lako likitoweka dakika ileile "mgeni" anapotokea, hakuna siri tena. Na bandia iwe na kumbukumbu. Mwenye kitenge cha kijani akirudi kesho, watu wamjue kuwa ni yuleyule wa jana. Makosa yaandikwe kwa jina hilo la bandia. Siku akifichuka, yote yamwangukie mwenyewe.

Binti_Nansio
Nakubali, ila mmeruka jambo. Kujificha na kujifanya mtu fulani ni vitu viwili. Kujifanya mhusika wa mtu mwingine kusiwezekane bila ridhaa ya mwenye mhusika huyo. Kwenye Dungeons & Dragons, gemu la kuigiza la mezani, msimamizi yupo, akiona mtu anaumia anasimamisha. Seva haioni uso wa mtu.

Na anayedanganywa apewe dalili hata dadu zikimwangusha. Mstari mmoja tu: "Sauti hii umewahi kuisikia." Akipuuza, amepuuza mwenyewe. Kinachokimbiza watu ni kuibiwa bila kupewa nafasi ya kushtuka.

Taa_za_Dagaa
Tumia na mwezi. Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa yote iko ziwani na taa zake, mwaloni kweusi: kujificha kuwe rahisi. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa vizuri, wavuvi wanabaki nchi kavu na wanaonana: kuwe kugumu. Mvua ioshe rangi ya nywele.

Kasia_Pweke
Shikamoo mama. Pesa nimerudisha usiku huu na dada nimemwandikia kumwomba radhi, hajajibu bado. Kujifanya mhusika wa mtu nimekuzima kabisa mpaka niandike utaratibu wa ridhaa. Mwezi nauweka, Taa_za_Dagaa, asante.

Nimekwama kwenye mazoea. Mhusika akihamia kisiwani miezi mitatu, yapungue kwa kasi gani?

Mama_Beseni
Marahaba mwanangu. Huyo kijana wetu, ndevu zilinipoteza kweli, ningemwona usoni tu nisingemjua. Mguu sikuusahau.

Kasia_Pweke
Basi namba ya mazoea naigawa sehemu mbili. Mazoea ya sura yapungue kila wiki, ya sauti na mwendo yabaki palepale. Na anayetaka kuficha mwendo ajifunze ustadi wake peke yake, tena polepole. Naanza kuandika sasa hivi, kesho jioni nafungua mwalo wa majaribio. Anayetaka kuja kujificha aniambie.