Naomba ushauri: seramu ya virusi vinavyoua bakteria wa chunusi

Asalaam aleikum jamani, mie niko Lamu hapa Langoni, chunusi zanisumbua tangu niko shule na sasa nina miaka 24, haswa kidevuni pale nikabu inapogusa, na joto la kaskazi likianza ndo usiseme. Liwa ya bibi yanipoza tu. Nilipewa doksisaiklini, vidonge vya antibiotiki, chunusi zikaisha, nilipoacha vidonge zikarudi na dada zao.

Sasa binamu yangu wa Mombasa kaniletea seramu yasema ina bakteriofeji, yani virusi vinavyokula bakteria. Nilishtuka, virusi usoni?! Nikasoma kumbe ni mambo ya kale, mwanasayansi d'Hérelle alivipa jina hilo 1917 akiwa Paris, na kule Tbilisi, nchi ya Georgia, watu wanatibiwa navyo mpaka leo. Feji (ndo bakteriofeji kwa kifupi) wa chunusi humuingia yule bakteria Cutibacterium acnes, huzaana ndani yake mpaka apasuke, seli zetu hawazigusi. Hapo nimeelewa.

Ila hii chupa imekuja na basi mpaka Mokowe kisha boti, jua la saa saba, nilipoipokea ilikuwa ya moto kama chai, hao feji watakuwa hai kweli? Na usiku napaka benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi inayoua bakteria, si itawamaliza na feji pia? Halafu zangu hufura kabla ya hedhi, nahisi ni homoni, sasa kuua bakteria peke yake kutanisaidia nini? Alowahi kutumia anijuze, bado sijaifungua, iko kwa friji ya jirani.