Naomba ushauri: nyumba moja, Idi mbili

Asalaam aleikum ndugu zangu. Tuko Tanga mjini, Ngamiani, nyumba ya ukoo. Baba mkubwa anafuata mwezi ukionekana popote duniani. Bibi hali Idi mpaka asikie tangazo la Mufti. Ramadhani ikigota 29, usiku huo nyumba haina usingizi.

Mwaka huu baba mkubwa kaenda kuswali, karudi na kanzu yake nyeupe, anataka pilau. Bibi yuko barazani na tasbihi, kafunga, harufu ya bizari inamwendea puani. Akaamuru sufuria lihamie uani kwa jirani. Baba mkubwa akasema kufunga siku ya Idi ni haramu. Bibi akamjibu, "Na kula mchana wa Ramadhani, mwanangu?" Kimya.

Waliofaidi ni watoto. Wamepokea mkono wa Idi kwa baba mkubwa, kesho yake wakapanga foleni kwa bibi na nguo zilezile. Mdogo wao aliyedai amefunga na bibi nilimkuta nyuma ya pipa la maji na paja la kuku.

Mpishi ni mimi, na wote wawili nawapenda mno. Nafikiria mwakani baba mkubwa apate vitumbua na chai asubuhi, pilau liive magharibi bibi akifuturu, wale sinia moja. Je, baba mkubwa ataona nimeidharau Idi yake? Wenye nyumba kama hii mnafanyaje? Na nani amweleze bibi?