Tupeane uzoefu: mzigo wako wa transiti ulikwama wapi, na ulitokaje?

Kibo77
Wakuu, jana nimeiona foleni ya malori Tunduma, mpakani na Zambia, moyo ukanidunda. Niliwahi kulala pale siku 9 na jenereta tatu za Lusaka. Wenye mizigo inayopita nchi za watu, hebu tusimuliane, anayeanza leo apone.

Mama Vitenge
Umenigusa pabaya ndugu yangu.

Kontena la futi 40, vitenge na viatu, Dar kwenda Lubumbashi, Kongo. Nusu ya mtaji ilikuwa ya kikoba, wanawake 12. Bandarini mambo yalikwenda vizuri: bondi (dhamana ya ushuru) ikawekwa, T1 (hati ya transiti) ikatoka, sili ya kufunga kontena ikapigwa. Kufika Tunduma, ofisa akasogea mlangoni mwa kontena na karatasi yake, akasoma namba ya sili, akarudia kusoma. Tarakimu ya mwisho kwenye karatasi ni 6, kwenye chuma ni 8. Aliyekosea kuandika ni wakala wangu wa forodha, lakini forodha watajuaje? Wao wanaona kontena ambalo huenda limefunguliwa njiani.

Nampigia wakala, simu inaita tu. Siku ya tatu akapokea: "Tulia dada, nashughulikia." Siku ya tano ikaamuliwa kontena lifunguliwe, mzigo uhesabiwe robota kwa robota. Mvua ikatukuta katikati ya hesabu. Nilivua kanga niliyojitanda nikafunika ya juu, nikabaki nimesimama nalia mbele ya vibarua. Namwaza kila mwanamke wa kile kikoba, mmoja mmoja, kwa jina.

Hesabu ilitimia, haikupungua hata jozi moja ya viatu. Ila ilikuwa siku ya 11, mwenye lori anadai malipo ya kusimama kwa kila siku, na marobota manne yamelowa. Na hapo Zambia nzima bado iko mbele na bondi yake nyingine, halafu Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, ndiko kwenye ushuru wenyewe.

Tangu siku hiyo lori halitoki getini kabla sijaipiga picha sili na kuilinganisha na T1 kwa macho yangu. Wakala akinuna, anune.

Rusumo_Mpya
Pole sana mama. Kwangu ilikuwa namba ya chesisi, herufi moja tu.

Biashara_Safi
Mnawatisha watu bure. Mzigo wa transiti haulipiwi ushuru nchi unayopita. Mimi hata hiyo bondi sijawahi kuiona.

Dar_Kigali
Hujaiona kwa sababu anaiweka wakala, na gharama yake anakupigia kwenye ankara. Halafu sisi wa Kigali tunalipa mapema. Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ianze 2014, tamko la mzigo linafanyika Rwanda, ushuru unalipwa Rwanda, ndipo mzigo unaachiwa Dar.

Biashara_Safi
Napeleka Ndola miaka yote, sijalipa ushuru wowote Dar. Usinifundishe kazi.

Dar_Kigali
Ndola ni Zambia, mkuu! Zambia haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndiyo maana wewe unakwenda kwa bondi.

Biashara_Safi
Sasa ungesema hivyo tangu mwanzo.

Wakala Mstaafu
Mmewasema sana mawakala, na mengine ni kweli. Nisikilizeni na mimi.

Kabla ya hizi sili za kielektroniki zinazopiga kengele lori likiacha njia yake, niliweka dhamana yangu kwa lori la sukari la Bujumbura. Lilitoka Dar, mpakani Kabanga halikufika. Lilishushwa usiku kwenye ghala njiani. Mwenye mzigo kazima simu, dereva katoweka. Ushuru wote ukadaiwa kwangu, kana kwamba sukari iliingizwa kuuzwa hapa hapa, na kweli ndivyo ilivyofanyika. Nyumba niliyoijenga kwa miaka 14 ikaenda.

Kwa hiyo mkivuka, msione mmemaliza. Hakikisheni kutoka kwa mzigo nchini kumethibitishwa kwenye mfumo wa forodha. Bila hivyo bondi inabaki wazi, na kuna mtu nyuma anadaiwa.

Rusumo_Mpya
Mungu wangu. Mzee, dereva alipatikana?

Wakala Mstaafu
Alipatikana. Mwenye mzigo, hapana.

Kibo77
Nimeisoma mara mbili. Pole mzee wangu.

Malaba_Usiku
Ushauri wangu: fuatana na mzigo mpaka mpakani.

Dar_Kigali
Usifuatane nao! Mwenye mzigo akionekana, kila mtu ana gharama ya kumtajia. Kaa na simu.

Mama Vitenge
Ningekaa na simu ningepoteza vyote. Fuatana nao.

Malaba_Usiku
Na bei kwenye ankara msiipunguze. Ushuru unapigwa kwa thamani pamoja na bima na nauli ya meli. Wakiitilia shaka ankara wanakupandishia wao, na huko kubishana ni wiki nyingine.

Goma_Kwanza
Shikamooni. Nimetoka kulinganisha karatasi zangu kwa sababu ya Mama Vitenge. Bili ya shehena (hati ya meli) inasema marobota 412, orodha ya mzigo inasema 421. Meli inafika Ijumaa. Nianzie wapi?

Wakala Mstaafu
Marahaba. Muulize aliyekuuzia amepakia mangapi, akujibu kwa maandishi. Bili ikiwa ndiyo yenye kosa, nenda kwa wakala wa meli leo, manifesti (orodha ya mizigo yote ya meli) irekebishwe kabla haijafika forodha. Usingoje Ijumaa.